Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Queensland: mama wa dhari apewe ajira ya kudumu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu serikali yako ina wakalimani, na kwa sababu nataka wazazi wenzangu wa hapa Townsville, Australia, waliotoka Tanga kama mimi, au Uvira, Bujumbura na Kigoma, waisome barua hii kwanza. Namwombea ajira ya kudumu msaidizi wa mwalimu aliyewatengenezea watoto dhari, kofia za ngoma ya visiwani, na watoto wetu wamo ndani ya jambo hili.

Wiki ya Maridhiano, ile ya kila mwaka ya kuwapatanisha wenyeji asilia na Waaustralia wengine, mwaka huu ilifana shuleni kwa binti yangu. Asubuhi zilipandishwa bendera tatu: ya taifa, ya Waaborijini, wenyeji asilia wa bara, na ya wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Queensland. Mzee mmoja wa watu wa Bindal, wenye ardhi hii pamoja na watu wa Wulgurukaba, akatukaribisha. Kwetu mgeni hupiga hodi, na karibu huitamka mwenye nyumba. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini mkuu wa shule, pamoja na cheo chake, alinyamaza mpaka mzee akamaliza. Kisha watoto wakacheza ngoma ya visiwani, miguu peku, vumbi likitimka, kila mmoja na dhari kichwani, ile kofia ya manyoya meupe iliyochorwa katikati ya bendera ya visiwa. Watoto wa Kikongo walikuwa mstari wa mbele. Vikagawiwa vyeti kwa wanafunzi, walimu, mtunza bustani na wapishi wa kantini. Nililia, wala sioni haya kusema.

Dhari zile zilikuwa 40. Zilitengenezwa usiku, barazani kwa mama mmoja msaidizi wa mwalimu, mwenye asili ya Mer, kimojawapo cha visiwa hivyo. Nilikwenda kumsaidia jioni tatu. Kazi yangu ilikuwa kukata maboksi kwa mkasi. Yeye alipachika manyoya, moja moja, akipuliza gundi ikauke, na kila alipomaliza dhari aliivaa kwanza mwenyewe akatikisa kichwa kuona kama manyoya yatashika. Alinipakulia sop-sop: mihogo, viazi vitamu na boga vilivyopikwa kwa tui la nazi, nikajiona niko jikoni kwa marehemu bibi yangu. Nilipoinua kopo la sukari nitie kwenye chai, nikakuta risiti chini yake. Manyoya, gundi, kitambaa. Alikuwa amelipa yeye. Nikamuuliza shule itamrudishia lini. Akasema ameshazoea.

Mama huyu yuko kwenye mkataba wa muda. Saa zake hupangwa upya kila muhula, na muhula ujao zimepunguzwa. Ndiye anayewafundisha watoto maneno ya Meriam Mir, lugha ya Mer, ndiye anayepigiwa simu mtoto wa visiwani asipoonekana darasani, ndiye anayetumwa kumwalika mzee. Oktoba 14, 2023, karibu asilimia 68 ya wapiga kura wa Queensland walikataa wenyeji asilia wapewe, ndani ya Katiba, chombo cha kulishauri Bunge. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu saa mbili asubuhi mama huyu alikuwa getini akiwapokea watoto kwa majina yao, bila kuuliza wazazi wa nani walipiga kura gani.

Townsville ina deni la pekee katika hili. Eddie Koiki Mabo, mzaliwa wa Mer, alikuwa mtunza bustani katika Chuo Kikuu cha James Cook, hapa hapa mjini, alipoambiwa na wanahistoria wa chuo kwamba kisheria ardhi ya baba zake ni mali ya Taji la Uingereza. Kesi aliyoifungua na wenzake mwaka 1982 ilichukua miaka kumi. Alifariki Januari 1992, na hukumu ikatoka Juni 3 mwaka huo huo, ikaufuta uongo kwamba Waingereza waliikuta nchi isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana wiki hii huishia Juni 3. Lakini kabla ya mahakama, Mabo alianza na shule. Mwaka 1973 yeye na wenzake walifungua Black Community School katika jengo kuukuu la Kikatoliki hapa mjini, wakiwa na wanafunzi 10 na walimu wawili waliokubali kufanya kazi kwa nusu mshahara. Ilidumu hadi 1985. Habari hizi nilizipata barazani kwa yule mama, nikiwa na mkasi mkononi.

Walimu wale walikubali nusu mshahara katika shule iliyoanzishwa na jamii yenyewe. Mama wa dhari anafanya kazi katika shule ya serikali, zaidi ya miaka 50 baadaye. Kwa nini bado anachangia mshahara wake mwenyewe?

Naomba, Mheshimiwa, wasaidizi wenyeji kama yeye wapewe ajira ya kudumu. Saa wanazofundisha lugha ziingie kwenye ratiba na zilipwe, na fungu la Wiki ya Maridhiano lifike shuleni kabla ya Mei. Na watoto wa Townsville, wetu sisi wageni wakiwemo, wafundishwe habari za shule ile ya 1973. Wengi wetu tulikuja hapa tukidhani nchi hii ni ya Wazungu tangu mwanzo, na hakuna aliyetusahihisha uwanja wa ndege.

Shule siitaji jina, maana sitaki mtu aadhibiwe. Nataka yule mama awepo muhula ujao, siku zote tano za wiki.

Nimeambatanisha nakala za risiti, kwa ruhusa yake. Jumla ni dola 94.

Wako mtiifu,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la tano, Townsville