Kabla hujalipa kodi ya miezi sita

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku, sote wazima. Nimefurahi mno kusikia umepata nyumba Mbagala, tena ya peke yako, choo ndani. Ila kuna sentensi moja kwenye ujumbe wako imeninyima raha: kwamba mwenye nyumba kasema matengenezo yote ni juu ya mpangaji, na dalali kakuambia Dar ndivyo ilivyo. Sivyo, shoga. Dalali anasubiri kodi yake ya mwezi mmoja aende zake, atakuambia lolote.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeligusa jambo hili. Kifungu cha 88 kinamtaka mwenye nyumba ya kuishi aitoe ikiwa inafaa binadamu kukaa, na iendelee kufaa mkataba ukiendelea. Aliyepanga sehemu tu ya jengo, yaani chumba au fleti, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na korido si mzigo wake, ni wa mwenye jengo. Kifungu cha 89 ndicho kinachotugeukia sisi wapangaji: tuitunze nyumba, na tukiondoka tuirudishe kama tulivyoikuta, ukitoa uchakavu wa kawaida. Sasa wewe unachukua nyumba nzima, na hapo mzigo wako ni mkubwa kuliko wa mpangaji wa chumba. Ndiyo maana nasema mkataba wako utaje paa, shimo la choo, mabomba na nyaya kwa majina. Ukiandikwa "matengenezo" peke yake, mtagombana.

Mimi napima hivi: kitu kimeharibika kwa sababu nakitumia, au kwa sababu nyumba imezeeka? Balbu, koki inayofunguliwa kutwa mara arobaini, kitasa ambacho watoto wamekipiga teke, sinki lililozibwa na mafuta ya kupikia: hivyo vyangu, na silalamiki. Bomba lililooza ndani ya ukuta, mainswichi inayonuka kuungua, mchwa kwenye kenchi za paa, hivyo ni vya mwenye mali. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu. Ukuta niliotoboa kutundika televisheni ni wangu kuuziba.

Paa liangalie kwa macho yako. Usitazame bati tu, tazama dari, hasa pembeni na juu ya kabati. Ukiona doa la kahawia lenye duara juu ya duara, kama chai iliyomwagika ikakaukia, ujue masika zaidi ya moja yamepita hapo bila fundi. Mara nyingi tatizo ni dogo kabisa: mpira wa chini ya kofia ya msumari umekauka na kupasuka, maji yanafuata msumari. Fundi anapanda, anabadilisha misumari, anaziba. Ila likiachwa hadi dari ivimbe na kushuka, gharama inakuwa nyingine, na mwenye nyumba atakuja kukuambia, "Wewe ndiye uliyekuwa unakaa humu." Kwa hiyo ukiona tone la kwanza, mtumie ujumbe siku hiyo hiyo, na picha. Hapo umetimiza wajibu wako na ushahidi unao.

Shimo la choo ndilo linalovunja urafiki wa watu mji huu. Kulinyonya likijaa kwa matumizi, naona ni haki mpangaji alipe gari. Tumelijaza sisi. Lakini uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, na uwaulize majirani, si dalali. Kuna mitaa maji ya ardhini yako juu, masika ikiingia maji yanapenya kwenye shimo, unaita gari leo na baada ya wiki chache chemba inatapika tena. Hilo halijajazwa na familia yako, ni shimo dogo, au limejengwa vibaya, au limebomoka ndani. Kulipanua ni ujenzi, na ujenzi ni wa mwenye mali. Wapangaji wengi wanalipa gari juu ya gari kwa kuona aibu kubishana. Hilo linaniuma sana, maana ni fedha ya ada za watoto.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni huku kulipa miezi sita kwa mkupuo. Ukishatoa, fedha ile imeshageuka matofali kwenye kiwanja kingine cha mwenye nyumba. Dari likivuja mwezi wa tatu huna tena cha kumshikia. Nguvu yako yote iko leo, ukiwa hujatoa. Mwombe aandike kwamba tengenezo la kwake likichelewa, na mkakubaliana bei kwa ujumbe, utalifanya wewe na kukata kwenye kodi inayofuata kwa risiti. Mwenye nyumba mwema hatakataa, maana unamtunzia mali yake.

Nusura nisahau Luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni wewe. Kwa mwaka ni 18,000. Itajeni kwenye mkataba, irudishwe kwa kukatwa kwenye kodi yako ya pango.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, pitieni chumba kwa chumba pamoja na mwenye nyumba. Fungua kila koki, vuta maji ya choo, washa kila swichi, piga picha hata ufa mdogo, mtumie palepale. Akinuna, mwambie kwa upole, "Baba, ni ili tusije kukosana." Likitokea la kutokea, anzeni kwa mjumbe na serikali ya mtaa, baraza la kata lipo kusuluhisha, na likishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Usilipe hiyo Jumamosi kabla sijausoma huo mkataba. Nitumie picha za kurasa zote, na ile ya sahihi. Nikipata nafasi nitakuja mwenyewe tupande hapo tuone hayo mabati. Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tabata