SAFARI YA PANGANI, RATIBA IMEBADILIKA

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Wale maharusi wetu wa miaka 25 ya ndoa wamepiga simu jana, boti yao inatoka Unguja mapema kwahiyo watalala Pangani Ijumaa na Jumamosi tu, sio Jumapili tena. Basi na sisi tunasogeza.

1. Kosta inatoka stendi ya Moshi Ijumaa saa 12 kamili asubuhi, sio 12 ya Kiafrika jamani, mara ya mwisho tulisubiri mtu anamalizia supu. Tunapita Same, Korogwe, Muheza ndo tunashuka Pangani.
2. Mchango 95,000 kwa kichwa, nauli, kulala na boti ya kisiwa cha Maziwe vimo, msosi kila mtu mfuko wake. Tuma kwa mhazini mwisho Jumatano saa 2 usiku.
3. Jumamosi asubuhi Maziwe. Kile kisiwa ni mchanga mtupu na maji yakijaa kinafunikwa chote, so nahodha akisema twendeni ni twendeni. Tukirudi tunazunguka mji wa zamani, Boma, na habari za Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, aliyenyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Halafu ule mto mnaujua? Maji yake yanatoka huku kwetu Kilimanjaro na Meru, yametutangulia baharini 😄
4. Mama mhazini na dada zangu wa Soweto, keki ni yenu.

Maharusi hawajui kama tunaenda, tafadhali msiposti status!!

Anayekuja aandike NIPO na idadi ya watu leo kabla ya saa 4 usiku, dereva anataka hesabu.