Nisaidie neno moja

Mpendwa Neema,

Habari za siku nyingi? Deni la barua ni langu, najua, na leo tena nimekuja na shida. Usinune. Sisi wazima, Baba Joni na mgongo wake uleule.

Jumuiya wamenitwisha mada ya Mtakatifu Hildegard wa Bingen, yule mtawa Mbenedikto wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1179. Nikajua nitamaliza kwa nusu saa. Kumbe mama huyu ana neno lake la Kilatini, viriditas, halimtoki mdomoni. Ni ule ukijani wa mmea, lakini papo hapo ni nguvu ya Mungu inayopandisha utomvu mtini, inayoponya mwili na kuamsha roho. Anamwimbia Bikira Maria kama tawi la kijani kupita yote. Roho iliyopoa kwake imekauka.

Sasa kwa Kiswahili nisemeje? Nikisema "ukijani", nitadhaniwa nauza rangi. "Uhai" hauna jani hata moja. "Ubichi" umenikaa moyoni, ila Baba Joni akauliza, "Ubichi wa Mungu? Kama ndizi?" Nikacheka, halafu nikaudhika, maana ana hoja.

Jana nikakumbuka Luka 23, Yesu akiwaambia kina mama wa Yerusalemu habari ya mti mbichi na mkavu. Padre akanifungulia Biblia ya Kilatini: penye "mbichi" pana viridi! Na sisi wenyewe si tunasema kijani kibichi? Labda Kiswahili kilishaamua zamani. Au najidanganya?

Halafu kuna kisa cha 1178, ana umri wa karibu miaka 80. Wakubwa wa kanisa la Mainz wanamtaka afukue maiti ya mtu aliyezikwa monasterini kwake, wakidai alitengwa na Kanisa. Akakataa. Wakawapiga marufuku masista kuimba sala zao! Akawaandikia barua kali, na marufuku ikaondolewa kabla hajafa. Ningependa kukisimulia, ila kwaya yetu na ugomvi wao... basi tu.

Wewe mwalimu wa lugha, "ubichi" utapita? Huko Pwani mna neno jingine? Nilieleze kwanza au nilitaje tu? Jumapili ndiyo siku yenyewe, utawahi kunijibu?

Na ule ukavu ulioniandikia Pasaka, kwamba hata kusali huwezi, bado upo? Mbona hukuutaja tena?

Wako,
Mama Joni