Kula kwanza, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Sisi hapa Tanga wazima, alhamdulillahi. Baba yako anakusalimu, na bibi anakuombea dua kila akimaliza sala ya alasiri. Nimeona nikuandikie barua, maana kwenye simu nikikuuliza umekula nini unanijibu "nimekula mama, usiwe na wasiwasi," kisha unanihamishia kwenye habari za miti. Barua huwezi kuihamisha. Isome yote.

Mama yako mdogo alinipigia kutoka Marseille baada ya kuja kukuona huko Saint-Rémy, Provence, kusini ya Ufaransa. Alisema kazi zako zimemshangaza, zile karatasi kubwa za mizeituni zimeenea ukuta mzima hadi mlangoni. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, mtoto amekwisha." Ati unatoka alfajiri, unarudi jua limezama, na jikoni kwako alikuta kahawa na mkate, basi. Usimkasirikie. Nilimbana mwenyewe, na kama angenificha nisingemsamehe.

Nikaifungua tena ile picha uliyotutumia wiki iliyopita. Mara ya kwanza nilikuwa nimeutazama mchoro tu. Safari hii nikaangalia kigoda kilicho kando yako. Juu yake kuna kipande cha mkate kilichochimbwa upande mmoja, na vidonge vya mkate uliofinyangwa vikawa vyeusi kwa makaa ya kuchorea. Najua wachoraji tangu zamani hufutia makaa kwa sehemu laini ya mkate, wewe ndiye uliyenieleza. Ninachouliza ni kimoja: ule uliobaki, uliula? Au nao uliishia kwenye karatasi?

Mchoro wenyewe ni mzuri, mwanangu, na sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni mama yako. Vile ulivyozungusha vigogo kandokando ya uwazi wa katikati, na ule uwazi ukauacha karatasi tupu bila kuugusa, nilikaa nao muda mrefu. Nilimweleza baba yako sababu ya mti kuwa hivyo: Februari 1956 baridi kali iliiunguza mizeituni ya Provence, wakulima wakaikata hadi chini, na machipukizi yakatoka kwenye mizizi. Ndiyo maana mizeituni mingi ya huko ina vigogo vitatu vinne vinavyotoka katika shina moja. Baba yako akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na macho. Akasema, "Huyu anaona." Unamjua, kwake hilo ni neno kubwa. Yale aliyoyasema mwaka ule kuhusu sanaa na kazi ya benki, nami nikiwa nimekaa palepale sikufungua mdomo, basi, yamepita. Siku hizi anawaonyesha wenzake hiyo picha wakitoka msikitini.

Lakini kula.

Kila nikilisema hili unanitajia Van Gogh, yule mchoraji, kwamba naye hakuwa na muda wa jiko. Haya, tumtaje. Nimefundisha Kifaransa maisha yangu yote ya kazi, na barua zake nimezisoma na wanafunzi wangu. Oktoba 1888, akiwa mji wa Arles, alimwandikia mdogo wake Theo kwamba tangu Alhamisi hadi Jumatatu ameishi kwa vikombe 23 vya kahawa, pamoja na mkate ambao hata hajaulipia. Fedha aliletewa na huyo mdogo wake, akazimalizia kwenye rangi na fremu. Mwezi huohuo mchoraji mwenzake Gauguin akahamia kwake, akashika jiko maana alijua kupika, na nyumba ikaanza kunukia chakula. Kufika Desemba mambo yakaharibika, na yaliyofuata unayajua. Sisemi njaa ndiyo iliyomwangusha, ugonjwa wake ulikuwa mzito kuliko hapo. Nasema mizeituni unayomsifia nayo hakuichora katika siku zile za kahawa. Aliichora baada ya kuingia Saint-Paul, hospitali ya wagonjwa wa akili hapo jirani yako, Mei 1889. Kati ya Juni na Desemba alitoa picha kama 15 za mizeituni, na huo ndio mwaka alioletewa chakula kwa saa. Chakula chenyewe alikilalamikia, ati kinanuka uvundo, kila siku dengu, maharage na adesi. Akala hivyohivyo, akatoka na turubai zake.

Na alikuwa akikaa nje kweli, kama wewe. Mwaka 2017 wataalamu wa jumba la makumbusho la Kansas City walikuta kipande cha panzi kimenasa ndani ya rangi ya moja ya picha hizo. Nilipolisoma hilo nilikuwaza wewe na karatasi zako zilizojaa mchanga wa upepo.

Huo upepo nao. Mistral nimeuonja nilipokuwa mafunzoni mji wa Aix, unashuka bonde la Rhône hadi unashindwa kufungua mlango. Mtu mwenye tumbo tupu hausimamii. Funga stendi yako kwa vigingi vya chuma kama alivyofanya huyohuyo Van Gogh, na anga likibadilika, kunja karatasi uondoke. Mchoraji mwingine, Cézanne, mvua ilimkuta akichora nje, karibu na Aix, Oktoba 1906. Akaendelea. Akaanguka njiani, akarudishwa nyumbani kwenye mkokoteni wa dobi, na haikupita hata wiki mbili akafariki. Alikuwa na miaka 67, wewe bado kijana, najua utasema hivyo. Hata hivyo kula.

Sasa nikuambie kilichoniuma kuliko huo wembamba wako. Nilikuuliza kwenye simu, mzeituni huo unaouchora ni aina gani? Hukujua. Miezi yote hiyo unauchora gome na majani, hujaonja tunda lake! Mafuta ya bonde la Baux, hapo ulipo, yanakamuliwa kutoka kwa salonenque, aglandau, grossane, verdale na picholine, na kila moja ina ladha yake na mti wake una umbo lake. Nenda kwenye kinu cha mafuta, omba uonjeshwe, mwulize mzee wa pale mti upi ni upi. Hawakatai. Septemba hii inapoisha wataanza kuchuma zeituni za kijani za kupasua: wanazigonga kwa nyundo ya mti, hazipondeki, zinapasuka tu, kisha wanazitia katika maji ya chumvi na mabua ya shamari. Zile za mafuta zinasubiri Novemba. Jitolee kuchuma. Utaushika mti kwa mikono, utapanda matawi yake, na wanaochuma pamoja hula pamoja. Hapo utakuwa umechora na kula siku moja, nami nitalala.

Jumatano ni siku ya soko Saint-Rémy. Usiende na daftari la kuchorea, nenda na kikapu. Nunua maharage mabichi, zukini, viazi, nyanya, thomu, na fungu kubwa la mrehani. Mama mwenye nyumba niliyepanga kwake Aix alinifundisha supu yao ya pistou, na nimekuwa nikiipika hapa kila mrehani ukistawi, wewe umekua nayo bila kujua jina lake. Chemsha mboga na tambi fupi hadi zilainike. Pembeni twanga thomu na mrehani kwenye kinu, tia mafuta ya zeituni taratibu. Epua sufuria kwanza ndipo utie huo mchanganyiko, ukiuchemsha harufu yote inapotea. Sufuria moja inakutosha siku mbili, huna sababu.

Kuna panisse pia, unga wa dengu unaosongwa kama ugali, unaachwa ugande, unakatwa na kukaangwa. Ulimi wako utaujua mara moja. Kuna mchele mwekundu wa Camargue, kusini ya Arles hapo. Kuna aïoli, rojo la thomu na mafuta ya zeituni, na samaki wa chumvi, karoti na mayai ya kuchemsha, ambayo zamani ilikuwa ya Ijumaa. Calisson za Aix ni peremende za lozi na tikiti lililopikwa kwa sukari, na Februari ukimaliza mizeituni ukahamia milozi ikitoa maua, nazo uzile mbele ya mti. Daube, mchuzi wao wa nyama, waulize kwanza, maana nyama yake hulazwa katika mvinyo mwekundu. Soseji usiguse bila kuuliza. Wakikualika mezani, sema mapema usichokula, kwa upole, wala usikae na njaa kwa kuona haya.

Posho yako ukiipokea toa ya chakula kabla ya karatasi. Nasema tena, kabla.

Huku nyumbani, tawi la mwembe linaloelekea jikoni limeinama juu ya bati, na baba yako anataka kuukata mti wote. Nimemwambia fundi apunguze tawi tu. Mdogo wako amepata ada ya muhula, ila viatu vimembana tena. Bibi kakataa kwenda kwa daktari wa meno, anasema ataenda ukirudi wewe, hivyo mpigie umwambie aende. Tangi la maji tumelibadilisha, lile la zamani lilikuwa linavuja chini usiku kucha na tukadhani ni mita.

Mtoto wa jirani anasafiri kwenda Paris tarehe 4, na atapita Marseille kwa mama mdogo. Ana nafasi ya kilo tano kwenye sanduku lake. Nimeshasaga bizari ya pilau, na achari ya embe ipo kwenye chupa mbili. Niambie kama nitie na unga wa muhogo, au pilipili manga huko ni ghali, au una kinu cha kutwangia au huna. Usiniandikie "chochote tu mama." Niandikie majina ya vitu, na uniandikie ulichokula siku hiyo, kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi anafunga mzigo.

Mama yako