Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Lamu, mwaka 2019

Wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wanachama wote wa chama chetu cha mazingira, asalaam aleikum.

Nawashukuru mliofika. Katibu amenihesabia: tuko 41. Akidi yetu ni theluthi moja ya wanachama 112, yaani 38, kwa hiyo mkutano huu ni halali, na ndio wa kwanza kuwa halali tangu Aprili. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililozaa mzozo wa barua ya udhamini tuliyoikataa Agosti, ambao wengi wenu mmekuja kuusikiliza leo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Usafi wa ufuo ulifanyika kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa mwezi wa Ramadhani na Agosti. Tulipanda miche 1,200 ya mikoko, na kazi hiyo waliibeba akina mama, Mungu awalipe. Skuli tatu tulizitembelea. Januari tulisimama gatini kuliaga jahazi la Flipflopi, lililoundwa hapa kwetu kwa taka za plastiki na kuvikwa malapa yapatayo 30,000, lilipong'oa nanga kwenda Zanzibar. Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni, ilituangukia katika siku za Idi, tukaamua sherehe yetu iwe 21 Septemba.

Kisha ikaja 26 Juni. Siku hiyo Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Leseni hiyo ilitolewa mwaka 2016. Kesi waliipeleka ndugu zetu wa shirika la Save Lamu na wenzao, na heshima ni yao. Hata hivyo naomba ikumbukwe ni nani aliyezunguka Matondoni, Kipungani na Mokowe kukusanya saini, mara nyingine kwa mashua ya kuazima. Na siku ya hukumu, mimi na katibu tulikwenda Nairobi kwa nauli tuliyotoa mifukoni mwetu. Chama hakikutoa hata shilingi. Sisemi haya ili nisifiwe, ila kuna waliouliza mtaani kwamba mwenyekiti amefanya nini.

Sasa nije kwenye barua ya udhamini.

Tarehe 14 Agosti tulipokea barua kutoka kampuni moja, ambayo sitaitaja jina, ikitaka kudhamini sherehe yetu ya Septemba kwa shilingi 350,000. Fedha hizo zingetosha mashindano ya mashua 14, zawadi za manahodha, fulana, chakula na vipaza sauti. Masharti yalikuwa mawili: nembo yao iwekwe kwenye kila tanga, na kila atakayehudhuria aandike jina, namba ya kitambulisho na saini kwenye orodha yao. Walitaka jibu kabla ya tarehe 23.

Niliitisha mkutano tarehe 17. Walikuja watu 14. Nikaitisha tena tarehe 21. Walikuja tisa, na wawili kati yao waliondoka kabla ya ajenda kusomwa. Tarehe 22 kamati ya utendaji ilikaa nyumbani kwangu, tukatumia kifungu cha katiba yetu kinachoiruhusu kuamua mambo ya dharura, na tukaikataa barua ile. Mhazini alipinga, na upinzani wake umeandikwa kwenye kumbukumbu. Barua ya kukataa niliitia saini mimi.

Tangu hapo nimesemwa sana. Nimeambiwa nimewanyima vijana riziki. Nimeambiwa nimelipwa na kampuni nyingine. Kuna aliyesema kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba chama nimekigeuza mali ya nyumba yangu. Kitabu cha benki kiko mezani, kila mmoja akifungue aone kama kuna senti iliyoingia isiyoelezwa.

Naombeni mnisikilize sababu. Hukumu ya 26 Juni, wengi wetu tunaisimulia kana kwamba Baraza lilisema makaa ya mawe ni sumu. Kubwa lililoangusha leseni ile ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ya makaa ilikuwa na mikutano ya kuonyesha, lakini mikutano ile ilifanyika kabla ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira haijakamilika, na ilikuwa ya kutambulishana tu. Watu hawakuwekewa matokeo ya utafiti mbele yao wakaulizwa wasemeje.

Sasa fikirini. Kampuni hii iliyotuandikia ina mradi wake ambao bado haujapitishwa. Siku moja itatakiwa ionyeshe kwamba iliwashirikisha watu wa Lamu. Itatoa nini? Itatoa orodha. Majina mia tatu au mia nne, namba za vitambulisho, saini, na picha ya matanga yenye nembo, na chini yake jina la chama chetu. Watu waliokuja kula biriani na kushangilia mashua watahesabiwa kuwa waliketi wakashauriwa. Tulipinga mikutano ya kutambulishana hadi ikaanguka, halafu sisi wenyewe tuandae mmoja kwa ngoma na mashindano? Niliwaandikia kuuliza orodha ile ni ya nini, na kama tungeweza kuiondoa. Nilijibiwa kwamba masharti hayabadiliki. Jibu hilo lilinitosha.

Nakubali hasara ilikuwapo. Manahodha waliokwisha kupaka mashua zao mafuta walinijia nyumbani, na maneno yao yaliniuma. Najua bei ya tanga jipya. Najua pia kwamba mvuvi wa hapa ameshaona eneo lake la uvuvi likichimbwa kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na gati la kwanza limekamilika mwaka huu huku watu wakiendelea kungoja. Anayeniambia fedha ya mkononi ni bora kuliko haki ya kesho simuoni mjinga. Lakini chama hiki hakikuundwa kugawa fedha ya mkononi.

Na sherehe ilifanyika. Wapo waliotabiri haitafanyika. Tarehe 21 Septemba mashua sita zilishindana, magunia 63 ya plastiki na malapa yalitolewa ufuoni, na wazee walizungumza na watoto pale Mkunguni mbele ya ngome. Gharama ilikuwa shilingi 41,500, na katika michango iliyopatikana 15,000 zilitoka kwangu. Waliopinga uamuzi wangu kwa sauti kubwa zaidi sikuwaona siku ile, wala kwenye gunia wala kwenye mashua.

Hilo lanifikisha kwenye mahudhurio na ada, na hapa nasema kwa uchungu. Kabla ya hukumu tulikuwa tukijaza ukumbi mpaka watu wanakaa ngazini. Baada ya 26 Juni kila mmoja alirudi kwake kana kwamba vita vimekwisha. Havijaisha. Kampuni ya makaa imekata rufaa. Ada yetu ni shilingi 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi. Kati ya wanachama 112, waliolipa ni 37. Wasiolipa ni 75, deni la shilingi 45,000 kwa mwaka huu pekee, kabla sijagusa madeni ya nyuma. Kama ada hii ingelipwa, barua ya udhamini isingekuwa na utamu ule, na mimi nisingelaumiwa kwa kuikataa.

Hesabu kwa jumla: tulianza mwaka na shilingi 13,250. Mapato, pamoja na ada 22,200, viingilio 1,000, michango ya sherehe 38,700 na zawadi ya 10,000 ya mwanachama wetu aliyeko Muscat, ni 71,900. Matumizi ni 68,650: sherehe 41,500, miche na magunia 12,800, nauli za boti, karatasi na chai 14,350. Tumebaki na 16,500.

Mwaka 2020 tunatarajia, Mungu akipenda, kulishughulikia suala la matuta ya mchanga wa Shela, kwa sababu maji ya visima vyetu yanatoka chini ya mchanga ule na ujenzi unausogelea. Tunatarajia pia kupata chumba cha ofisi, na kuwarudisha vijana. Namna ya kuyafanya haya kamati itakaa iyatazame.

Kuhusu uamuzi wa Agosti, naomba mkutano huu uupigie kura leo kwa kunyoosha mikono, kwa kuwa leo tuna akidi. Mkiukataa, nitaandika barua ya kujiuzulu hapa hapa mbele yenu. Baada ya kura, mhazini atakaa mezani pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi mpaka adhana ya Magharibi.