Bwawa lako na baridi inayokuja

Minneapolis, 9 Oktoba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na hongera ya nyumba. Nimecheka kusikia mmeachiwa bwawa na koi wake, wale samaki wa mapambo wenye rangi, na kwamba shemeji anataka kuwahamishia ndani, kwenye beseni la kuogea, mpaka Aprili. Mwambie awaache walipo.

Koi hustahimili baridi hii chini ya barafu. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo hayo hutulia chini, na yaliyopoa zaidi ya hapo hubaki juu yakaganda. Samaki hujilaza huko chini, hatembei sana, hana haja ya kitu. Anachohitaji ni kina. Huku Minnesota wengi hutaka futi 4 hivi. Ukikuta futi 2 tu, basi shemeji ana hoja, tutafute pipa kubwa la kuweka gereji.

Najua huwezi kumwona mgeni ukamwacha bila sahani, lakini maji yakishuka chini ya nyuzi 10 (50 za hiyo Farenhaiti yao), acha kabisa kuwalisha. Matumbo yao hayasagi tena. Siku ya jua watakuja juu wakipanua midomo, wewe uwapite tu.

Hofu yangu mimi ni ile miti yenu. Majani yakizama huoza, yanakula oksijeni na kutoa gesi, na barafu ikifunika bwawa lote ni sufuria iliyozibwa kifuniko: gesi haina pa kutokea. Tandika wavu juu ya bwawa wiki hii, na yaliyokwisha kuzama uyaopoe. Kisha nunua hita ndogo ya kuelea. Haipashi bwawa joto, usiitarajie hivyo. Kazi yake ni kuacha tundu wazi. Pampu ya hewa nayo inafaa, ila jiwe lake la kutolea mapovu lisikae chini kabisa, maana litavuruga yale maji ya nyuzi 4 na kuyachanganya na ya juu. Pampu ya maporomoko ya bwawa izime, umwage maji yaliyomo kwenye mipira yake, isije ikapasuka.

Umeme ukikatika na tundu likaziba, mtu asishike nyundo. Mshindo hupita majini ukawaumiza samaki. Tenga sufuria ya maji ya moto juu ya barafu, ukingoni, iyeyushe polepole. Na watoto wasikanyage hapo hata barafu ionekane nene vipi.

Yale mawazo yako ya kufuga sato humo, yafute. Maji yakikaribia nyuzi 10 sato anaanza kufa, na nyinyi mna miezi ya barafu. Sato wako yuko kwenye friza la duka.

Pima kina, unipigie Jumamosi.

Wako,
Zuhura