Ulinzi wa wazee uanzie kwenye mpaka wa shamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hotuba zetu hulipita kwa mbali kila tarehe 15 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2011 kwa ajili ya kupinga ukatili dhidi ya wazee, na tena kila tarehe 1 Oktoba tunapoadhimisha Siku ya Wazee Duniani. Hotuba hizo, hasa huku kwetu Kanda ya Ziwa, hueleza kwamba mauaji ya vikongwe yanatokana na imani za kishirikina, kisha huishia kwenye wito wa kutoa elimu. Sipingi kwamba imani hizo zipo. Nimefundisha shule za msingi katika vijiji vya Usukumani hadi nikastaafu, na ninajua jinsi macho mekundu ya mwanamke aliyepikia samadi na mabua ya pamba maisha yake yote yanavyogeuzwa ushahidi na watu ambao mama zao wenyewe wana macho hayohayo. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo imeenea kijiji kizima, ilhali anayekatwa mapanga ni mmoja, na ukichunguza kwa nini akachaguliwa yeye, mara nyingi utafikishwa kwenye shamba, zizi la ng'ombe au mirathi.

Mambo huanza kimyakimya. Mume anafariki, mjane anabaki katika kaya ile na wajukuu walioachwa naye, na watoto wake wako Mwanza mjini, kwenye migodi ya Geita au Dar es Salaam. Shemeji, au mtoto wa shemeji, anakuja kwa heshima zote kuomba kipande cha kulima kwa msimu mmoja. Msimu wa pili haombi tena. Katika kijiji kimoja nilichofundisha alikuwapo mama ambaye uzio wa minyaa aliopanda na marehemu mumewe ulikatwa usiku, na vipande vyake vikachomekwa upya ndani ya shamba lake, hatua kadhaa kutoka mpaka wa zamani. Asubuhi visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu mweupe, na kila aliyepita kwenda kisimani aliviona. Hakuna aliyeuliza. Mama yule alipopeleka malalamiko kwa wakubwa wa ukoo alijibiwa kwamba ardhi ni ya ukoo na yeye ni mke wa kuolewa tu. Baadaye ng'ombe wa shemeji akafa, mganga akaitwa, ramli ikapigwa, na ikasemekana kwamba mkono uliohusika uko upande wa pili wa uzio. Haukupita muda ikakutwa barua isiyo na jina mlangoni kwake, ikimtaka ahame. Alihama akaenda kuishi kwa binti yake, na shamba likabaki kwa waliolitaka. Yeye alibahatika kuwa na pa kwenda.

Katika mlolongo huo wote, Ndugu Mhariri, zipo hatua kadhaa ambazo serikali ya kijiji ingeweza kuingilia bila kulazimika kubishana na mtu yeyote kama uchawi upo au haupo. Kung'oa mpaka ni jinai, na kumtishia mtu kwa barua ni jinai vilevile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, ambao wasiopungua 3 ni lazima wawe wanawake, na imeweka utaratibu wa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila ambayo mjane anaweza kuipata kwa jina lake mwenyewe. Chombo kipo, ila hukaa kikisubiri mlalamikaji, na bibi wa umri ule anaogopa kuwashitaki watu anaowategemea kumchotea maji.

Hapo pia sheria zetu wenyewe zinamwangusha. Kanuni za sheria ya kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri, katika shauri la wajane wawili waliofukuzwa na wakwe, kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wajane hao walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Sielewi tunawezaje kukemea ukatili dhidi ya vikongwe majukwaani huku tukiwa na maandishi yanayomwambia shemeji kwamba huyo mama yupo kwenye ardhi ile kwa hisani tu.

Kuhusu waganga sitasema mengi. Usajili wao unasimamiwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Ramli chonganishi hazijaisha, kwa sababu wateja hawajaguswa. Wakata mapanga ni vijana wa kukodiwa, na wanapokamatwa tunapongezana. Yule aliyetoa fedha anaweza kuwa amekaa matangani, kanga begani, akipokea rambirambi.

Wapo pia wazee wengi ambao hawatakatwa panga kamwe, lakini wanaumizwa kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hufanyiwa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Kijijini ukatili huo una sura ya kawaida kabisa. Mtoto aliyeko mjini anatuma fedha kwa simu, lakini simu anaishika mjukuu, namba ya siri anaijua mjukuu, na bibi anaambiwa kwamba mwezi huu mjomba hakutuma kitu. Mtoto naye, akiwa na dhamiri safi kwa sababu ametuma, hapigi simu kuongea na mama mwenyewe. Wengine hunyimwa chakula cha jioni kwa madai kwamba wanachafua malazi.

Zanzibar wametutangulia. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 analipwa Pensheni Jamii, ambayo ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuangalia kipato chake, na mwaka 2020 wakatunga Sheria ya Wazee. Huku Bara kwa miaka mingi tumeishi kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na sera haimfikishi mtu mahakamani. Kiwango cha pensheni ile si kikubwa, lakini faida yake ninaiona pia mahali pengine: mzee aliyeandikishwa kwa malipo ana mtu wa serikali anayepaswa kujua kila mara kama yuko hai na kama fedha zimemfikia yeye mwenyewe.

Wakati tukisubiri sheria na pensheni, yapo yanayowezekana sasa. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mabaraza ya wazee yameundwa hadi ngazi ya kijiji. Baraza lipewe nafasi katika ajenda kutaja mashauri yote ya mipaka na mirathi yanayowahusu wajane na wazee wanaoishi peke yao, na maelezo yake yaandikwe katika muhtasari, ili shemeji ajue kwamba mpaka ule una mashahidi. Vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto, na mzee anayesoma kibao cha mlangoni hawezi kudhani kwamba panamhusu. Aelezwe waziwazi kwamba barua ya vitisho inapokelewa hapo siku hiyohiyo.

Kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ninaomba ijibu kupitia gazeti hili maswali mawili: kanuni za urithi za mwaka 1963 zitafutwa lini, na katika kesi za mauaji ya vikongwe zilizofikishwa mahakamani, ni wangapi walioshitakiwa kwa kulipia mauaji hayo?

Mwalimu mstaafu,
Kwimba, Mwanza